Dakika kwanza, mipangilio baadaye: kusimba video za diski ya nyumbani

Kabla sijafungua programu yoyote ya kusimba video, yaani kuibana na kuigeuza iwe katika muundo unaotakiwa, huandika mambo mawili kwenye karatasi: diski itachezwa na mashine gani, na video zote zitakazoingia humo zina jumla ya dakika ngapi. Mambo hayo mawili huamua karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia kodeki (njia ya kubana na kufungua video) hadi ukubwa wa picha. Wengi huanzia upande mwingine. Hutafuta programu inayosifiwa, huchagua mpangilio ulioandikwa kuwa ni wa ubora wa juu, kisha hushangaa faili linapozidi nafasi ya diski au deki inapokwama katikati ya tukio. Ubora wa diski hutokana na namna tunavyogawa nafasi tuliyo nayo kwa muda wa video tulizo nazo, na hesabu hiyo hakuna programu inayoweza kuikwepa. Naichukulia kazi hii kwa uzito kwa sababu video tunazorekodi wenyewe hazina nakala nyingine popote, na usimbaji mbaya huondoa maelezo ya picha ambayo hayawezi kurudishwa.

Tuanze na mashine. Deki ya kawaida ya DVD haisomi kila kitu. Kiwango cha DVD-Video kilipangwa katika miaka ya 1990, na deki za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1996, ilhali kodeki ya H.264, ambayo simu na kamera nyingi huitumia, ilikamilishwa mwaka 2003. Kwa hiyo faili la MP4 lililotoka kwenye simu, hata likiwa na picha safi namna gani, haliwi DVD-Video mpaka picha yake isimbwe upya kwa MPEG-2, kodeki ya DVD, na kupangwa ndani ya folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. Zipo deki zinazocheza MP4 au AVI zilizowekwa kwenye diski kama data tupu, lakini uwezo huo unategemea deki moja moja na haumo katika kiwango chenyewe; ukimpa mtu diski ya namna hiyo, unamwachia yeye kazi ya kugundua kama mashine yake inaikubali. Kwa diski itakayogawiwa watu wengi mimi huchagua DVD-Video kamili, ingawa MPEG-2 hudai biti nyingi zaidi kuliko H.264 kwa picha ileile. VCD, ambayo kiwango chake ni cha mwaka 1993, imefungwa kwenye MPEG-1 ya pikseli 352 kwa 288, au 352 kwa 240, na kilobiti 1,150 kwa sekunde. Hufaa tu pale ambapo deki ya mpokeaji haina uwezo mwingine.

Sasa hesabu ya dakika, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote. Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na hapa gigabaiti moja ni baiti bilioni moja kamili. Kompyuta inayohesabu kwa vipeo vya 2 itaonyesha diski hiyohiyo kuwa na takriban 4.38, na hakuna kilichopotea. Zidisha kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, upate biti bilioni 37.6. Video za dakika 120 ni sekunde 7,200, na ukigawanya unapata takriban megabiti 5.2 kwa kila sekunde. Hizo ni za kila kitu kwa pamoja: picha, sauti, menyu, na data ya kupangia pakiti ambayo deki inaihitaji lakini mtazamaji haioni. Mimi huondoa asilimia 4 kwa ajili ya mambo hayo ya pembeni, kisha hutoa kiwango cha biti cha sauti, na kinachobaki ndicho cha picha. Kwa saa mbili zenye sauti ya kilobiti 224, picha hubakiwa na megabiti 4.8 hivi. Kwa dakika 90 hupanda hadi karibu 6.5, na kwa saa tatu hushuka hadi 3.1. Tofauti kati ya 6.5 na 3.1 inaonekana kwa macho ya mtu yeyote, na ndiyo maana napendelea kupunguza dakika kabla ya kuanza kupunguza ubora. Kukata vipande vilivyorekodiwa kamera ikiwa imeelekezwa chini, au hotuba iliyorekodiwa mara mbili kutoka pembe mbili, huipa picha iliyobaki nafasi kubwa kuliko mpangilio wowote wa programu.

Kwa video za saa moja hesabu hiyo hutoa megabiti zaidi ya 9, na hapo ndipo wengi hujaribiwa kujaza diski yote. Kiwango cha DVD-Video kinaruhusu picha ifike megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha, sauti na manukuu vikijumlishwa visizidi 10.08. Hata hivyo, diski ya kuchomwa nyumbani haiakisi mwanga wa leza vizuri kama diski iliyopigwa chapa kiwandani, na deki iliyozeeka inaposoma data nyingi kwa kasi ya juu na kukutana na makosa ya usomaji, haipati muda wa kurudia kusoma. Picha huganda au sauti hukatika. Mimi huweka kilele cha megabiti 8 na siendi juu yake, kwa sababu faida ya kutoka 8 hadi 9.5 katika MPEG-2 ya ukubwa huu ni ndogo sana, ilhali hatari yake ni kubwa. Nafasi inayobaki kwenye diski naiacha wazi. Ikumbukwe kwamba diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwashikwa na vidole na ndio unaopata kasoro mara nyingi zaidi. Diski isiyojaa hadi mwisho ina bahati nzuri zaidi.

Wastani na kilele ni vitu viwili tofauti, na programu nzuri hukuruhusu kuvitaja vyote viwili. Uso wa mtu anayezungumza mbele ya ukuta mtupu hauhitaji biti nyingi, kwa kuwa fremu moja, yaani picha tuli moja kati ya zinazounda video, hufanana sana na inayofuata. Maji yanayotiririka, majani yanayopeperushwa na upepo, umati unaocheza chini ya taa zinazowakawaka, hivyo vyote hudai biti kwa wingi kwa sababu karibu kila pikseli hubadilika. Ukitumia kiwango cha biti kisichobadilika, ukuta mtupu utapewa biti usizozihitaji, na maji yatapata viraka vya mraba. Dawa yake ni usimbaji wa mapitio mawili: katika pitio la kwanza programu hupima ugumu wa kila tukio bila kuandika video ya mwisho, na katika la pili hugawa biti kulingana na vipimo hivyo, huku jumla ikibaki ndani ya nafasi uliyoitaja. Huchukua muda karibu mara mbili, nami huona muda huo umetumika vizuri kila mara diski inapokaribia kujaa. Pale video inapokuwa fupi na nafasi ni tele, mapitio mawili hayana maana kubwa. Hutosha kutaja ubora usiobadilika pamoja na kilele cha megabiti 8, kisha kuiacha programu itumie inachohitaji.

Programu ya FFmpeg ina mpangilio ulio tayari, unaoandikwa -target pal-dvd, ambao huweka wastani wa megabiti 6, kilele cha 9, sauti ya AC-3 (muundo wa sauti wa DVD) ya kilobiti 448 na akiba ya deki ya biti 1,835,008. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu huheshimu mipaka ya kiwango, lakini haujui video yako ina dakika ngapi. Kwa megabiti 6 za picha pamoja na sauti hiyo, diski hujaa kabla ya dakika 100. Ndiyo maana huuchukua kama msingi, kisha hubadilisha wastani, kilele na sauti kwa mkono. Kitu kisichofaa kuguswa hapo ni ile akiba ya deki. Ndiyo kumbukumbu ndogo ambamo deki hupokea data kabla ya kuichora, na ukiiambia programu kuwa ni kubwa kuliko ilivyo, utapata faili linalochezwa vizuri kwenye kompyuta na kukwama kwenye deki.

Urefu wa kundi la fremu nao una mipaka. MPEG-2 huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata hueleza tu kilichobadilika, mpaka ifike fremu nyingine kamili. DVD ya PAL (mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika) inaruhusu fremu 15 katika kundi moja na ya NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) fremu 18. Anayezoea kusimba kwa ajili ya intaneti, ambako makundi ya fremu 250 ni ya kawaida, anaweza kuusahau mpaka huu kwa urahisi, kisha programu ya kupanga diski ikalikataa faili lake. Pia, palipo na mwanzo wa sura, yaani sehemu ya video ambayo mtazamaji anaweza kuirukia kwa rimoti, panatakiwa pawe na fremu kamili, hivyo ni vyema kuzitaja nyakati za sura kabla ya kusimba.

Kuhusu ukubwa wa picha, PAL ina pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, na NTSC ina 720 kwa 480 na fremu 29.97. Kiwango kinaruhusu pia upana wa 352, na hapa nina msimamo ambao baadhi ya watu hawaupendi: mara dakika zinapozidi 150 hivi kwenye diski moja, picha ya 352 kwa 576 iliyosimbwa vizuri hupendeza kuliko ya 720 iliyonyimwa biti. Pikseli huwa chini ya nusu, kila moja hupata biti za kutosha, na macho husamehe wororo kidogo wa picha kuliko yanavyosamehe viraka vinavyocheza kila kamera inapogeuka. Kwa kanda za VHS uamuzi ni rahisi zaidi, kwa kuwa kanda hizo zenyewe hubeba maelezo ya takriban mistari 240 tu kwa upana, na pikseli 352 hukaribia kuyameza yote. Msimamo huu ni kwa picha za uwiano wa 4:3. Kwa picha pana ya 16:9, 720 ndiyo ya kutegemea, na dakika zikiwa nyingi mno ni afadhali kuzigawa kwenye diski mbili. Diski za tabaka mbili, zenye gigabaiti 8.5, zipo, lakini deki nyingi husita mahali ambapo leza huhama kutoka tabaka moja kwenda jingine, nami huchagua diski mbili za tabaka moja bila kusitasita.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni idadi ya fremu kwa sekunde, kwa sababu kosa lake huonekana katika kila sekunde ya video na watu hulivumilia wakidhani ndivyo DVD zilivyo. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukizigeuza kuwa 25 kwa ajili ya PAL, programu hulazimika kutupa fremu moja katika kila sita, na mwendo wa mtu anayetembea hurukaruka. Programu nyingine huchanganya fremu jirani badala ya kuzitupa, na matokeo ni kivuli kinachomfuata mtu. Kwa video za fremu 30 mimi hutengeneza DVD ya NTSC, hata pale ambapo matangazo ya televisheni yalikuwa ya PAL, kwa kuwa 30 na 29.97 zimekaribiana mno na deki nyingi zilizouzwa katika nchi za PAL hucheza NTSC bila taabu. Kinyume chake hakina uhakika wa namna hiyo. Tunapoteza mistari 96 ya kimo, na bado naona mwendo laini una thamani zaidi. Video za fremu 25 au 50 nazo zibaki PAL. Zilizorekodiwa kwa 24 huweza kuharakishwa hadi 25, sauti ikiwa pamoja nazo, ambayo ni nyongeza ya asilimia 4 isiyotambuliwa na wengi isipokuwa kwenye muziki.

Simu zina tabia nyingine: hubadilisha idadi ya fremu kufuatana na mwanga, hivyo faili lililoandikwa kuwa la 30 linaweza kuwa na 24 ndani ya chumba chenye giza. DVD haina nafasi ya mabadiliko hayo. Video ya aina hiyo isipogeuzwa kwanza kuwa na idadi thabiti ya fremu, sauti huanza kuachana na midomo taratibu, na baada ya nusu saa huwa haivumiliki.

Kisha kuna picha za mistari inayopishana, ambazo ndizo zinazotoka kwenye kanda za VHS, kanda za kidijitali za DV, na kamera nyingi za AVCHD (muundo wa video za HD za kamera za nyumbani). Kila fremu yake ina nusu-fremu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti, moja ikiwa na mistari ya namba witiri (huitwa ya juu) na nyingine ya namba shufwa (huitwa ya chini), kwa hiyo PAL ya fremu 25 hubeba nyakati 50 za mwendo kwa sekunde. DVD iliundwa ikiwa na uwezo wa kubeba picha hizo zilivyo. Nasikitika ninapoona mtu anaondoa upishanaji kwa sababu ameona meno ya chana kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kufanya hivyo ametupa nusu ya mwendo ambao runinga ingeuonyesha vizuri. Kinachotakiwa ni kuiambia programu kwamba picha ni ya mistari inayopishana, na kuitajia kwa usahihi ni nusu-fremu ipi inayotangulia. DV hutanguliza ya chini, HDV (video ya HD ya kwenye kanda) na AVCHD hutanguliza ya juu. Mpangilio ukikosewa, kila kitu kinachotembea huonekana kikienda mbele na kurudi nyuma kidogo, haraka haraka, na kasoro hiyo hujitokeza wazi zaidi kamera inapogeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tahadhari kubwa ni wakati wa kupunguza picha ya AVCHD yenye mistari 1080 kuwa 576: ukiipunguza moja kwa moja, mistari ya nyakati mbili huchanganyika na haitenganishwi tena. Njia sahihi ni kuitandaza kwanza kuwa fremu 50 kamili, kuipunguza, kisha kuipishanisha upya.

Kanda za zamani huja pia na chenga, na kwa programu ya kusimba chenga ni mwendo kama mwendo mwingine wowote. Biti ambazo zingeenda kwenye nyuso za watu huishia kueleza vitone visivyo na maana. Kichujio chepesi cha kupunguza chenga kabla ya kusimba huongeza ubora kuliko kuongeza megabiti nzima, ili mradi kisiwe kikali kiasi cha kuzifanya ngozi zionekane kama plastiki. Mistari michache ya chini kabisa katika VHS, inayotikisika na kupinda, huifunika kwa weusi, kwa kuwa weusi usiobadilika haugharimu karibu chochote.

Rangi nazo zinahitaji neno moja. Video za HD hutumia kanuni ya rangi ya BT.709, na DVD hutumia BT.601. Programu isipofanya ubadilishaji huo, kijani na nyekundu hupotoka kidogo, kiasi cha kuwafanya watu waseme kwamba kamera ilikuwa mbaya.

Sauti haina matatizo mengi. Iwe ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa AC-3, kilobiti 192 hadi 256 kwa mikondo miwili, na deki zote zitaielewa. MP2, muundo mwingine wa sauti, ni salama kwenye deki za PAL lakini haina dhamana kwenye za NTSC. Sauti isiyobanwa hutumia kilobiti 1,536, ambazo kwa saa mbili ni karibu gigabaiti 1.4 za diski. Huiweka tu kwenye rekodi fupi ya muziki.

Mpokeaji akiwa na deki ya Blu-ray, mambo hubadilika. H.264 inakubaliwa, picha inaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde, na diski ya gigabaiti 25 hutoa zaidi ya megabiti 25 kwa video za saa mbili, ambazo zinatosha kabisa. Lakini Blu-ray ina orodha yake ya fremu, na wengi hukwama hapo: kwa picha ya 1920 kwa 1080 huruhusiwa fremu kamili 23.976 au 24, au mistari inayopishana ya 25 na 29.97. Video ya fremu 25 kamili huandikwa kana kwamba ni ya mistari inayopishana, na haipotezi chochote. Video ya simu ya 1080 yenye fremu 60 haina mahali pake, na mimi huipeleka kwenye 1280 kwa 720 kwa fremu 59.94 ili mwendo ubaki mzima. Ipo pia njia ya kuweka muundo wa AVCHD kwenye diski ya DVD ya kawaida, ambayo deki nyingi za Blu-ray huisoma. Kwa jumla ya megabiti 15 hupata kama dakika 40 za HD. Kwa tukio fupi ni chaguo zuri sana, ila ni lazima iandikwe wazi juu ya diski kwamba deki ya DVD haitaicheza.

Wakati wa kuchoma, hutumia kasi ya kati, mara 4 au 8, na huiamuru programu ilinganishe data baada ya kuandika. Sibandiki karatasi juu ya diski, kwa kuwa huivurugia mizani inapozunguka kwa kasi. Kisha nakala ya kwanza huichezesha kwenye deki yenyewe, wala si kwenye kompyuta, nikienda moja kwa moja kwenye matukio yenye maji, umati na taa, na kwenye dakika za mwisho zilizo karibu na ukingo wa nje. Deki ikisita hapo, hushusha kilele hadi megabiti 7 na kusimba upya kutoka kwenye faili la asili la kamera, kamwe si kutoka kwenye MPEG-2 ile ya kwanza, kwa sababu kila usimbaji hupoteza kitu na wa pili hupoteza juu ya kilichokwisha kupotea. Mafaili hayo ya asili hubaki kwenye hifadhi mbili tofauti hata baada ya diski zote kugawiwa.